Mabeki tumechoka, na straika ni shemeji yangu

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni beki wa kati na kapteni wa timu ya mtaa hapa Pasua, Moshi. Kazi yangu ni mgumu wa mlimani, nabebea wageni mizigo njia ya Machame na ya Marangu. Kwa hiyo suala la pumzi naomba tuliweke pembeni mapema, maana najua watu wengi ndiko wanakokimbilia. Pumzi ninayo.

Msimu huu kwenye ligi ya wilaya timu yetu haifungi. Mbele kumekauka kabisa. Tukipata goli, ujue ni penati au mpira umemgonga beki wa wenzetu ukaingia. Pointi tulizonazo nyingi ni za sare tasa, na hizo ni jasho la sisi wanne wa nyuma na kipa wetu. Halafu ikitokea tumefungwa moja dakika za mwisho, benchi na mashabiki wote wanatugeukia sisi: "Mabeki mmelala!" Mtu amezuia tangu filimbi ya kwanza, leo anaambiwa amelala.

Nikueleze mechi zetu zinavyokwenda. Mara nyingi tunapangiwa saa nane mchana, kwa sababu uwanja ni mmoja na saa kumi kuna mechi nyingine. Jua la Moshi unalijua. Nakata krosi, nabutua mbele. Straika wetu anaruka na mabeki wawili waliomzidi kimo, wanapiga kichwa, mpira huo unarudi. Nakata tena, nabutua tena. Hata jasho sijafuta. Ikifika dakika ya 70 nawaona mabeki wa pembeni wameshika viuno. Mwalimu wetu naye akiona hivyo anatoa winga, anaingiza beki wa tano. Tunajazana kwenye boksi letu kungoja filimbi ya mwisho. Filimbi haiji, linakuja goli.

Sasa lililonifanya nikuandikie. Straika mwenyewe ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Kijana mfupi, ana mbio na chenga zake, na mimi ndiye niliyemleta kwenye timu. Juzi juzi tumefungwa moja bila, mpira unakaribia kwisha. Tuko kwenye Hiace tunarudi, watu wamenuna, yeye yuko siti ya nyuma anacheka na simu. Nikamwambia mbele ya wote kwamba sisi nyuma tumechoka kuwabeba watu wasiojua goli liko wapi. Jioni nikaliandika tena kwenye kundi letu la WhatsApp, ili na ambao hawakupanda Hiace walipate. Sijutii, maana ni kweli. Yeye akajibu mstari mmoja tu: "Na nyie mmewahi kunipa mpira?" Hapo ndipo lilipowaka.

Tangu siku hiyo haji nyumbani. Mke wangu ananiwekea chakula mezani bila neno. Mama mkwe kapiga simu kutoka Kibosho kuuliza kama ni kweli nimemtukana mwanawe hadharani kwa sababu ya mpira.

Ninachouliza: kama kapteni, niende kwa mwalimu nimwambie amweke benchi? Tuna dogo mwingine mrefu, mzito kidogo, lakini anaruka. Au nihame? Kuna timu ya Majengo inanitaka, na kwao mbele kuna watu. Au ninyamaze niendelee kubeba? Ni kweli kuna mechi nimecheza nikiwa nimeshuka mlimani jana yake, lakini wenzangu hawapandi mlima na wamechoka vilevile.

Beki aliyechoka,
Pasua, Moshi

—

Marahaba, kapteni.

La kuhama tulimalize kwanza kwa kuwa ni jepesi. Timu yenye mafowadi wazuri ikija kumtafuta beki wa kati, ujue kwao nyuma panavuja. Utakwenda kuziba huko nako. Na shemeji utabaki naye hata ukihamia Dodoma. Usihame.

Malalamiko yako yana haki, tena nakuunga mkono zaidi ya unavyotegemea. Ila umeyaelekeza kwenye magoli, na magoli siyo yaliyowachosha. Beki anachoshwa na kukosa nafasi ya kupumzika, na nafasi hiyo anaipata pale tu mpira unapokuwa mbele. Straika akiushikilia hata sekunde kumi, mkapata mpira wa kurusha, au kona, au faulo ya kuangushwa, nyie wanne mnatembea taratibu hadi katikati ya uwanja, mnapanga mstari, kipa anakunywa maji. Hiyo ndiyo haki yenu kwa fowadi, na anaweza kuwapa hata siku ambayo hakufunga. Wewe ni mgumu, hili huhitaji kuelezwa sana: zile kilo 20 hazikuvunji mgongo kwa sababu njiani kuna mahali pa kuzitua. Mtu akikuambia upande kutoka geti la Machame hadi kambini bila kutua mzigo hata mara moja, ungemwachia mzigo wake palepale getini.

Lakini kabla ya kumwendea mtu yeyote, pima. Mechi ijayo mpe mchezaji mmoja wa akiba simu yenye saa. Kila mnapotoa mpira kwenye eneo lenu aanze kuhesabu, na asimamishe unaporudi. Kipindi kimoja kinatosha. Aandike pia ulivyotoka: umebutuliwa, umepigwa pasi, au kipa ameurusha kwa mkono. Karatasi hiyo itatusaidia huko mbele.

Itakachosema naweza kubashiri, kwa kuwa umeniandikia mwenyewe. "Nabutua mbele, straika anaruka na mabeki wawili waliomzidi kimo." Hebu soma sentensi yako tena. Kijana mfupi, mwenye mbio na chenga, anapelekewa mpira wa juu, mgongo ameupa goli la wapinzani, amebanwa na warefu wawili. Hapo hata ungemleta nani. Shemeji yako alipouliza kama mmewahi kumpa mpira, lile lilikuwa swali la kiufundi. Wewe ukalisikia kama jeuri.

Sikulaumu kwa kubutua. Uwanja una mawe, jua la saa nane, winga wa wenzenu anakujia kasi. Tangu 1992 kipa haruhusiwi kudaka pasi ya mguu aliyorudishiwa makusudi na mwenzake, na makipa wetu wengi wa mitaani mguu wao tunaujua. Beki mwenye akili timamu atabutua. Wala sitawaambia muanze kupasiana golini kama mnavyoona kwenye televisheni. Ni kweli tangu 2019 goli kiki inaweza kupokelewa ndani ya boksi, na klabu kubwa zinaitumia kuwavuta wapinzani waje juu, kisha wanawapita. Hao wanachezea nyasi zilizomwagiliwa. Kwenu mpira ukigonga jiwe ni goli, na atakayetolewa si jiwe.

Butueni, lakini mpira uwe na anwani. Upelekeni pembeni, nyuma ya beki wao wa kulia au wa kushoto, msimtwishe stopa wao, yaani beki wao wa kati, kichwani. Shemeji akiuwahi, ameshawaacha. Asipouwahi, beki wao ataukuta akiwa anaangalia goli lake mwenyewe, karibu na kibendera cha kona, kuna mtu mwenye mbio anamfuata mgongoni. Mara nyingi atautoa nje. Mmepata mpira wa kurusha kule mwisho kabisa wa uwanja, na hakuna aliyefanya la ajabu. Winga wa upande huo aanze kukimbia mara tu mpira unapotoka mguuni kwako, asisimame kwanza kutazama utaangukia wapi. Timu nyingi za mtaani zinapoteza mechi kwenye mpira wa pili, ule unaodondoka baada ya wawili kugombea, kwa sababu kila mtu anatazama wanaogombea.

Sasa na nyie. Mkishabutua mnabaki wapi? Umesema mabeki wa pembeni wameshika viuno, na nadhani wameshika viuno hapohapo kwenye mstari wa boksi. Kati yao na straika kuna uwanja mtupu, na kila kinachodondoka humo ni cha wapinzani. Hapo timu imekatika vipande viwili, na kipande cha mbele ni mtu mmoja. Mpira ukiondoka, wewe kapteni piga kelele "Tokaaa!", mstari wote utoke kwa pamoja mpaka mpira utakapotua. Najua saa hiyo mapafu yanawaka. Lakini mkitoka hatua 20, washambuliaji wao wanajikuta wameotea, lazima nao warudi, na mpira ukija tena unawakuta mbali na kipa wenu. Beki anayebaki kwenye boksi ili apumzike hapumziki. Anajisogezea kazi mlangoni.

Nije kwa mwalimu wenu na beki wake wa tano. Nimekaa benchi miaka mingi, hofu ile naielewa: unaona watu wako wanayumba, mkono wenyewe unakwenda kumwita beki. Tatizo ni aliyetolewa. Winga akitoka, beki wao wa pembeni hana tena wa kumfanya abaki nyuma, naye anapanda kumwaga krosi. Mmeongeza mtu wa kukata krosi na mmeongeza krosi zenyewe, tena aliyekuwa anaweza kuushikilia mpira kidogo kule mbele yuko benchi amejifunika taulo.

Unakumbuka Taifa Stars na Zambia, Januari 2024, pale San Pedro kwenye AFCON ya Ivory Coast? Simon Msuva alifunga dakika ya 11. Zambia wakabaki pungufu kabla ya mapumziko. Huku nyumbani tukaanza kuhesabu pointi tatu. Goli la pili halikuja, na dakika ya 88 Patson Daka akasawazisha kwa kichwa. Vijiweni lawama zote zikaenda kwa mabeki. Nilikuwa mmoja wa wachache waliobisha, na nabisha mpaka leo: Stars walimaliza kundi lile na goli moja katika mechi tatu, na mechi ya mwisho haohao mabeki wakatoka sare tasa na DR Congo. Kulinda goli moja kwa dakika 77 ni kazi ambayo mabeki hawakupaswa kuachiwa peke yao.

Kwa hiyo nenda kwa mwalimu, ila usiende na jina la mtu mdomoni. Kapteni anayeomba mchezaji awekwe benchi, tena shemeji yake, tena baada ya ugomvi wa Hiace, hata akiwa sahihi ataonekana analipa kisasi. Nenda na karatasi ya yule kijana wa saa. Mwambie: "Mwalimu, tukichoka naomba utuletee miguu mipya mbele." Sheria za mpira sasa zinaruhusu mashindano kuweka hadi wachezaji 5 wa akiba wanaoingia. Ruhusa ile ilianza kwa muda mwaka 2020, ikawa ya kudumu 2022. Someni kanuni za ligi yenu mjue nyie mmepewa wangapi, maana kuna timu inamaliza msimu haijui. Fowadi anayeingia dakika ya 60 akawasumbua stopa wao waliochoka anawapumzisha nyie wanne kuliko beki wa tano atakayesimama mbele ya kipa na kumziba macho.

Yule dogo mrefu usimpeleke kuchukua nafasi ya shemeji. Awekwe pembeni yake. Mrefu aruke, mwenye mbio awahi kinachodondoka. Atoke nani? Hilo ni la mwalimu, lakini mimi ningepunguza kiungo mmoja katika wale wanaosimama mbele yenu kutazama krosi zikipita juu ya vichwa vyao. Mwalimu akisita kuanza hivyo, aombwe ajaribu kipindi cha pili cha mechi moja.

Kuna jambo lingine ambalo hukuligusa, nalo linanishangaza kwa timu isiyofunga: kona. Ugiriki walibeba kombe la Ulaya mwaka 2004 kwa kushinda robo fainali, nusu fainali na fainali, zote 1-0, dhidi ya Ufaransa, Jamhuri ya Czech na Ureno. Magoli yote matatu yalikuwa ya kichwa. Lile la nusu fainali alifunga Traianos Dellas, beki wa kati kama wewe, kwa kona, muda wa nyongeza. Haikuwa timu ya mafowadi wa kutisha. Nyie kona anapiga nani? Kama anapiga yeyote aliyekuwa karibu na kibendera, basi mnazitupa. Chagueni mmoja, abaki baada ya mazoezi apige mpaka giza liingie, wewe na beki mwenzako wa kati mpande kila kona, nyuma abaki beki wa pembeni mwenye mbio pamoja na namba sita, yule kiungo mkabaji. Hizo ni dakika mbili tatu ambazo mpira uko upande wao, hata msipofunga.

Na la mlima ulilitaja kwa haraka kidogo. Kama umeshuka Ijumaa kwa njia ya Mweka, mapaja yako Jumamosi hayana habari na winga wa mtu. Siku hiyo mpe mwenzako kitambaa, wewe anzia benchi. Pumzi unayo, sibishi. Lakini mwendo wa kushuka unaua miguu, na hilo unalijua kuliko mimi.

Limebaki la nyumbani. Hapa sitakubembeleza. Lile neno ulilisema mbele ya wenzake, ukaona halitoshi, ukaliandika. Kuwa la kweli hakukusaidii, tena kweli yenyewe ni nusu, kama tulivyoona. Mke wako asitumwe kupeleka maneno, ameshabeba yake. Wala usingoje mama mkwe aitishe kikao. Kikao cha Kibosho kitakuwa na wazee wasiojua kuotea ni nini, utaanza kuwaeleza habari za mpira wa pili, na watakachosikia ni kwamba umemdhalilisha mtoto wao. Panda mwenyewe siku ya katikati ya wiki, usiende mikono mitupu, mwamkie, mwambie, "Mama, niliongea vibaya, nimekuja mwenyewe kukuambia." Usimweleze mechi ilivyokuwa. Kunywa chai, ushuke.

Shemeji mtafute siku isiyo ya mazoezi. Mnunulie mtori, mkae mahali ambapo hakuna mchezaji mwenzenu. Baada ya kumwomba radhi, muulize swali moja: "Mpira unataka ukufikie wapi?" Nina hakika msimu mzima hakuna aliyemuuliza. Mwache amalize, hata akianza kuwataja mabeki kwa majina. Akishamaliza ndipo umwambie la kwenu: akiupata pembeni asitake kuwapiga chenga watu watatu kurudi katikati, aende na mpira kwenye kibendera, aukinge kwa mwili, atafute kurusha, kona au faulo. Na mpira ukiwa kwa stopa wao, awe wa kwanza kumkimbilia, kwa sababu krosi inayokuja kukuchosha wewe inaanzia pale ambapo stopa amepewa muda wa kuinua kichwa. Mwambie kwa utaratibu huohuo, swali kwanza, ombi baadaye. Ukigeuza, mtori utakula peke yako.

Kisha rudi kwenye kundi la WhatsApp. Ulikoandika kwamba mmechoka kuwabeba, andika hapohapo kwamba umezungumza na shemeji yako na kwamba Jumamosi mipira mirefu inakwenda pembeni. Mistari miwili inatosha, na usiweke vile vikatuni vya kucheka.